Herufi za Kuazima

Atuganile alifika kituo cha polisi cha Mbeya jua likiwa utosini, sahani ya chakula imefungwa kwa kitambaa cheupe, na kama kawaida yake aliuliza kwanza, salamu zikafuata baadaye.

"Kesho nilete au nisilete?"

"Leta tu, mama," alisema Koplo Ngolo wa mapokezi. Alikuwa amekwisha choka kulijibu swali hilo, na kila alipolijibu aliangalia pembeni.

Mumewe, Jailos, alikuwa bwana mifugo wa Usangu mpaka walipomtoa nyumbani kwake akichechemea kwa magongo na kumtia mahabusu. Sasa zilibaki siku chache afikishwe mahakamani. Atuganile hakuwahi kulia mbele ya askari. Alipika, akaleta, akauliza kama apike tena. Inspekta Andendekisye alikuwa akimsikia kutoka ofisini kwake, na swali lile lilimuuma kuliko kilio.

Kesi yenyewe machoni pa wengi ilikuwa imekwisha. Mwezi wa tano yalibandikwa matangazo minadani, kutoka Mbalizi hadi Igurusi, kwamba sotoka, tauni ya ng'ombe, imeingia na kila mfugaji apeleke ng'ombe wake kwenye zizi la karantini. Chini yake, walisema walioyasoma, lilikuwepo jina la Jailos. Wasukuma waliohamia mbuga za Usangu na mifugo yao walitii, maana sotoka wanaijua. Wakapokelewa na watu waliovaa makoti ya kaki, waliowasemesha kwa adabu na kuwaambia warudi baada ya siku mbili. Waliporudi, zizi lilikuwa na samadi na alama za matairi ya malori, basi.

Jailos alikana. Lakini msimamizi wa matbaa moja ya Kihesa, Iringa, mzee mmoja aitwaye Anania, alikuwa ameandikisha maelezo polisi: Jailos alikuja mwenyewe mwezi wa pili kuchapisha kadi za chanjo ya ng'ombe, akaagiza na tangazo lile hapo hapo. Vyote vilipangwa siku moja, akaondoka navyo. Kadi hizo Jailos alizikubali. Mwezi wa tatu alianguka na pikipiki, akavunjika mguu, na tangu hapo alikuwa wa kitanda cha hospitali na wa magongo. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye mwezi huo wa pili na mdomo wa mzee mmoja.

"Jumatatu jalada liende mahakamani," Mrakibu, mkuu wake wa kazi, alikuwa amemwambia. "Na wewe Ande, angalia. Wewe na huyo mtu mmetoka mlima mmoja. Watu wasije wakasema unamwokoa mjomba."

"Nikimkuta na hatia nitamfunga mwenyewe, afande."

"Basi usimtafutie unafuu."

Andendekisye hakuwa na haja ya kutafuta. Unafuu ulimfuata wenyewe mchana ule, umevaa shuka na kunuka moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Ulikuwa Mzee Masunga, mfugaji wa Usangu, ambaye zizi lake siku hizo lilikuwa linalala bila mlio.

"Mwadila, afande," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mzee. Kaa."

Masunga hakukaa. Alifungua kibuyu kidogo alichokuwa amekitundika begani, akatoa karatasi iliyoviringishwa vizuri na kuitandaza mezani. Lilikuwa tangazo. Polisi walikuwa nalo moja, walilobandua ukutani Mbalizi, lakini lile lilichanika katikati na sehemu ya chini ilibaki kwenye gundi. Hili lilikuwa zima.

"Umelipata wapi?"

"Walitugawia. Mimi kusoma sijui, mtoto wa jirani ndiye alisoma. Lakini niligusa hivi." Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi. "Maneno yameingia kwenye karatasi kabisa. Ya kuandika kwa mkono hayaingii hivyo. Nikasema, hii ni ya serikali. Nikafungua zizi mwenyewe, afande. Kwa mkono wangu huu."

Andendekisye aliinama juu ya karatasi. Sehemu ya juu aliijua kwa moyo. Aliposhuka kwenye mistari ya chini, pale polisi hawakuwahi kufika, alisimamisha kidole. Herufi zote zilikuwa nene, zimesimama wima kama askari wa gwaride, isipokuwa k. Kutoka katikati ya tangazo kushuka, kila k ilikuwa nyembamba, imelala kidogo, na mguu wake umeishia kwa mkia uliopinda. Juu, k zote zilikuwa nene kama wenzao.

"Mzee, unaona kitu hapa?"

Masunga alikodoa macho. "Hawa ni wageni kwenye kundi," alisema. "Nilidhani ndivyo serikali inavyotaka."

"Serikali haitaki hivyo," alisema Andendekisye, na akaagiza Landrova ijazwe mafuta.

Alilala Iringa mjini kwenye bweni la polisi, na asubuhi ukungu ukiwa bado umekalia paa za Kihesa alikuwa mlangoni pa matbaa. Lilikuwa jengo refu la matofali la watu wa kanisa, lenye harufu ya wino na mafuta ya taa. Ndani, ukutani, yalipangwa makasha mapana ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kilijaa herufi za madini ya risasi za aina moja. Herufi moja ni kijiti cha risasi kisichofika urefu wa kidole, kichwani kimechongwa alama iliyogeuzwa kinyume. Ukitaka neno, unaviokota vijiti kimoja kimoja na kuvisimamisha pamoja mkononi. Ukitaka ukurasa, unakazana nusu siku. Kazi ikishachapwa, kila kijiti hurudishwa chumbani kwake kingojee neno lingine.

"Kamwene, ndugu Inspekta," alisema Mzee Anania, akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, nywele nyeupe zimekatwa vizuri, na ufunguo mmoja umening'inia shingoni kwa uzi. "Nilidhani maelezo yangu yalitosha."

"Yalitosha, mzee. Nimekuja kuyaelewa tu. Mimi uchapaji siujui, nisije nikaulizwa mahakamani nikatoa macho."

Hakuna kinachomfurahisha fundi mzee kuliko askari anayekiri kuwa hajui. Anania alimshika mkono na kumzungusha kiwanda kizima. Alimwonyesha mashine kubwa, akamwonyesha fremu za chuma ambamo kurasa hukazwa, na mwishowe akamfikisha dirishani, ambapo mwanamke kijana mwenye miwani alikuwa anagonga taipureta.

"Huyu ni Kalista. Kasomea Dar es Salaam. Yeye hapangi herufi hata moja mpaka kwanza aandike rasimu."

Kalista alisimama kwa adabu. Pembeni ya taipureta yake kulikuwa na karatasi iliyokwisha andikwa, imejaa alama za penseli nyekundu na za bluu.

"Hizi alama ni za nini, dada?"

"Nyekundu ni maagizo, afande. Mstari mmoja chini ya neno maana yake herufi nene. Miwili, herufi kubwa. Mshale, neno likae katikati. Naandika kila kitu hapa kwanza, maneno na sura yake, halafu ndipo nakwenda kwenye kasha. Mikono inafuata tu."

"Na bluu?"

"Bluu ni za kuhesabu." Akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea kuchekwa. "Makasha haya yaliletwa yamejazwa kwa ajili ya Kiingereza. Wao wanatumia sana e. Sisi tunataka a, tunataka w, tunataka k. K ndiyo inaumiza, maana Waingereza hawana kazi nayo. Kwa hiyo kabla ya kupanga naweka alama kwenye kila k, niione itatosha au haitatosha."

"Isipotosha?"

"Nabadilisha maneno, au nangoja kazi nyingine ishuke mashineni. Lakini najua kabla."

"Huko ni kupika ugali kwa kupima maji kwa kikombe," alisema Anania, na akacheka mpaka ufunguo ukatikisika kifuani. "Mimi nimefundishwa na Wazungu wa misheni, Kalista hajazaliwa. Mteja anasema, mimi napanga. Rasimu yangu iko hapa." Akagonga kipaji cha uso.

"Hata karatasi moja huandiki?"

"Ya nini? Karatasi ni ya watu wenye mashaka."

Andendekisye alitabasamu naye. Kisha akatoa mfukoni kipande cha tangazo, kile cha polisi kilichochanika, akamkabidhi Kalista.

"Dada, naomba unipangie hili upya. Kwa kasha lile lile, herufi zile zile. Sehemu iliyochanika nimekuandikia maneno yake hapa." Alikuwa ameyanakili kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya Masunga, na ile karatasi yenyewe aliiacha mfukoni. "Ukimaliza, usirudishe herufi. Nipangie na kadi ya chanjo ya Jailos, zikae pamoja. Mzee alisema zilipangwa siku moja."

"Siku moja, kwa mkono mmoja," alisema Anania.

"Wa nani?"

Mzee alisita kidogo tu. "Wa Kalista, nadhani. Yeye ndiye mpangaji."

Kalista aligeuka. "Kadi nilipanga mimi. Tangazo sijawahi kuliona mpaka polisi walipokuja nalo, na nimesema hivyo."

"Umesema," alijibu Anania kwa upole. "Kazi ni nyingi, mwanangu. Mtu husahau."

Andendekisye alijikuta anamtazama Kalista kwa jicho jipya. Mwanamke huyu alikuwa na ufunguo wa mlango, alikuwa na ufundi, na kama alimpangia Jailos tangazo lile kwa siri, basi angekana hivi hivi. Mrakibu angeipenda sana habari hiyo. Ingefunga wawili kwa kamba moja.

"Panga, dada," alisema.

Kalista alirudi kwenye taipureta, akaandika rasimu ya tangazo, akaitia nyekundu yake na bluu yake, akahesabu kwa midomo, ndipo akasimama kwenye kasha. Andendekisye alivuta kigoda akakaa karibu na Anania, akamwuliza habari za Wazungu wa misheni. Mzee alizitoa bila kukatwa. Alisimulia Biblia aliyopanga akiwa kijana, na kalenda, na kadi za harusi za wakubwa wa mji.

"Na hiyo k ya Waswahili ikikuishia katikati ya kazi, mzee? Wewe huna rasimu, huhesabu. Unafanyaje?"

"Fundi hashindwi, ndugu Inspekta. Naazima."

"Unaazima wapi?"

"Kwenye harusi." Alishika ule ufunguo. "Ziko herufi za kadi za harusi, za urembo urembo, ziko kwenye kabati dogo. Nazitunza mimi, maana hawa vijana wataziharibu. Nikipungukiwa kidogo, natoa huko, nachomeka. Mteja wa kijijini haoni. Yeye anaona imechapwa, basi."

"Kabati hilo linafunguliwa na nani mwingine?"

"Na nani tena? Ufunguo ni huu mmoja."

"Naomba niziangalie. Sijawahi kuona herufi za harusi."

Mzee alifungua kwa fahari. Kwenye chumba kidogo cha mbao zililala k nyembamba, zenye mguu uliopinda mkia. Andendekisye aliokota moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha taratibu. Alisema tu kuwa ni nzuri.

Kalista alimaliza karibu na adhuhuri. Alipaka wino, akaweka karatasi, akaikandamiza kwa mkono na kuibandua. Tangazo lilitoka safi, na kadi ya chanjo chini yake, k zote nene, kutoka juu mpaka chini.

"Zimebaki?" aliuliza Andendekisye.

Kalista aliingiza mkono kwenye chumba cha k, akatoa kiganja kilichojaa. "Zimebaki hizi."

"Kwa hiyo tangazo na kadi, vikipangwa siku moja kutoka kasha hili, k zinatosha."

"Zinatosha, na za akiba zipo."

"Kitu gani kingezifanya zisitoshe?"

"Ziwe zimekwenda kwenye kazi nyingine ambayo haijashuka." Akafikiri. "Kama wakati ule wa Nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Kitabu cha nyimbo za kanisa. Kurasa zake zilisimama kwenye fremu wiki nyingi, zimefungwa kwa kamba, maana watu wa kwaya walikuwa wanarudisha masahihisho kila mara. Nyimbo zimejaa k, afande. Kila mstari kuokoka, kukombolewa, kukusifu. Kasha lilibaki na k za kuokota kwa kucha. Mimi nilikataa kazi nyingine zote mpaka kitabu kiishe."

"Lini hiyo?"

"Baada ya Pasaka. Rasimu yao ililetwa Jumatatu ya Pasaka, mwinjilisti aliichukua kutoka kwa wanakwaya wenyewe. Nyimbo zimeshuka juzi juzi tu."

"Na mwezi wa pili, kuna kazi iliyosimama?"

"Mwezi wa pili?" Kalista alikwenda ukutani, ambako nakala moja ya kila kazi ya kiwanda ilichomekwa kwenye msumari kwa zamu ya kuchapwa. Alizipekua kuanzia chini. "Kadi ya chanjo. Kadi ya mazishi. Tangazo la mnada wa kanisa, dogo. Watu wako mashambani mwezi wa pili, afande, hawachapishi. Hapa hakuna kitu cha kumaliza k."

Andendekisye alisogeza taa na makopo ya wino, akasafisha nafasi mezani. Akalaza kadi ya Jailos ya mwezi wa pili, iliyotolewa msumarini. Kando yake akalaza karatasi mpya ya Kalista. Mwisho akatoa karatasi ya Masunga kutoka mfukoni, akaitandaza na kuibonyeza pembe zake kwa vipande vya risasi.

Anania alisogea. Alipoiona nzima, akaacha kufuta mikono.

"Hili ndilo tangazo lenyewe, mzee. Polisi walikuonyesha nusu. Hii ni nusu nyingine." Akaonyesha kwa ncha ya penseli. "Kutoka hapa kushuka k zimekwisha. Kila moja iliyobaki ni ya harusi."

"Hata mimi naona," alisema Anania.

"Uliandikisha kwamba lilipangwa mwezi wa pili, siku moja na kadi. Siku hiyo k zilikuwa tele. Kalista amenionyesha sasa hivi, kwa kasha hilo hilo. Aliyepanga hili aliishiwa. Kuishiwa kuliwezekana wakati Nyimbo zimesimama, na Nyimbo zilisimama baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka Jailos alikuwa hospitali, mguu wake umening'inizwa kwa kamba, manesi wote wanamwona. Kwa hiyo hakuleta yeye."

"Basi ni huyu," alisema Anania, akimnyooshea Kalista kidole. "Alikuwa hapa. Yeye ndiye mpangaji."

"Kalista angelipanga hili, angeandika rasimu. Angetia bluu. Angejua kabla ya neno la kwanza kwamba k hazifiki mwisho, na angebadilisha maneno au kungoja. Aliyepanga hili hakujua mpaka alipofika katikati. Alipanga kutoka kichwani." Andendekisye alizungumza bila kupandisha sauti. "Sababu nyingine ya kupanga kutoka kichwani ni kwamba hakutaka kuacha karatasi nyuma yake. Akashtuka amekwama, mteja anangoja mlangoni, akaazima. Kwenye kabati lenye ufunguo mmoja."

Mkono wa mzee ulipanda kifuani wenyewe, ukafunika ufunguo. Alipotambua ulikokwenda aliushusha, lakini macho ya wengine wawili yalikuwa yamekwisha ufuata.

"Nimekuuliza asubuhi hii hii ungefanyaje," alisema Andendekisye. "Ukanijibu vizuri kabisa."

Anania alikaa kwenye kigoda. Uchangamfu wote ulimtoka usoni, akabaki mzee tu. Kalista alikwenda akafungua dirisha, ingawa nje kulikuwa na baridi, kisha akarudi kusimama mbali naye.

"Alikuja mtu wa malori," mzee alisema. "Anakaa Ipogolo, barabarani. Alisema ni tangazo tu. Kuna ng'ombe wa wageni wanamaliza majani Usangu, wanataka kuwatisha wasogee."

"Na jina la Jailos?"

"Aliona kadi yake pale msumarini. Akasema tumia hilo, wanalijua."

"Na polisi walipokuja kukuuliza ni nani aliyeleta?"

Anania alitazama sakafu. "Lilikuwepo jina tayari. Nikalitaja."

"Unajua mtu huyo ana watoto?"

"Sikumjua. Lilikuwa jina tu."

Andendekisye alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio. Aliandika maelezo hayo kwa mkono wake, akamsomea mzee polepole, naye akatia sahihi. Herufi zake zilikuwa nzuri mno, za mtu aliyeishi na maandishi miaka yote. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imeishia mezani kwake mwenyewe, juu ya wino wake mwenyewe. Askari aliyeendesha Landrova kutoka Mbeya alimchukua kwa mkono, na mlangoni Anania alisimama, akavua ule ufunguo shingoni na kumpa Kalista.

"Usiziharibu," alisema.

Kalista aliupokea, akaenda kulifunga kabati.

Simu ya matbaa ilikuwa ya kuzungusha mkono, na laini ya Mbeya ilichukua muda kupatikana. Andendekisye aliongea kwanza na Mrakibu. Alimsomea maelezo, akamweleza k za harusi na k za Nyimbo, akamtajia mtu wa malori wa Ipogolo ambaye askari walikuwa njiani kumfuata.

"Rudia hapo pa kasha," alisema Mrakibu.

Akarudia.

"Na huyo mjomba wako?"

"Si mjomba wangu, afande. Ni mtu aliyefungiwa kwa jina lake."

"Basi nitatia sahihi atoke. Lakini uje na karatasi zote hizo, Ande, mpaka hiyo ya kibuyuni."

Mstari ukarudishwa mapokezi. Koplo Ngolo alipokea.

"Ngolo, saa ngapi huko?"

"Inakwenda saa saba, afande. Yupo hapa mbele yangu, na sahani yake. Amekwisha uliza."

"Umemjibu nini?"

"Bado. Nilisikia simu inaita."

Andendekisye aliegemea meza. Kalista alikuwa amerudi kwenye kasha, anatoa herufi za tangazo moja moja na kuzirudisha vyumbani mwake, k kwenye k, na kwenye mlio wa herufi zikigusa mbao Andendekisye aligundua kwamba amechoka na kwamba anafurahi.

"Mwambie kesho asilete," alisema. "Kesho apike nyumbani."

Ngolo aliifunika simu kwa kiganja. Sauti yake ilisikika kwa mbali, ikisema maneno machache. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, ndogo, inauliza kitu. Ngolo aliirudia simu.

"Afande, anauliza apike ya watu wangapi."

"Ya nyumba nzima," alisema Andendekisye.